Pigo la Kandambili

Siku gazeti lilipomwita kaka yake Théodule "chombo kisichojijua", Firmine alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya gunia la mbaazi. Alikuwa jikoni kwake, kijijini Fond-Giromon, akichambua samaki wa chumvi wa kukaangia akra, vile vitumbua vya samaki, na gazeti alikuwa amelitandika mezani lipokee miba. Katikati ya miba ndipo alipoiona sura ya Évrard, mpiga saksafoni, amefumba macho kama mtu anayeumwa jino, na chini yake maelezo marefu kupita kiasi.

Évrard alikuwa amemweleza mwandishi kwamba miaka kumi ya kuchanganya jazi na ka, ngoma ya kwao Guadeloupe, hatimaye imezaa. Kwamba amegundua, kwenye mikono ya mzee mmoja wa mashambani, pigo lililodhaniwa kupotea tangu enzi za utumwa. Pigo hilo lina hesabu ya kumi na moja. Linaruka, linasita, linayumba, kisha linatua mahali ambapo mwanamuziki wa kawaida asingethubutu kutua. Mzee anayelipiga ni chombo kisichojijua. Amebeba hazina na hajui thamani yake. Évrard amelipa jina, Pigo la Kumi na Moja, na amelitungia muziki wa saa nzima.

"Saa nzima," Firmine aliiambia sufuria. "Kandambili yangu imepewa saa nzima."

Pigo hilo alilijua vizuri kwa sababu lilitoka miguuni mwake. Mwaka juzi, alasiri ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, alikuwa katikati ya duara akicheza mbele ya ngoma ya kaka yake, Théodule, wakati ukanda wa kandambili yake ya kushoto ulipokatika. Uwanja ulikuwa na kokoto kali na hakutaka kukanyaga. Akaruka kwa mguu mmoja mara tatu, akasita, akayumba, akairusha kandambili kwa hasira ikampata mbwa wa jirani, akatua vibaya, kisha akaendelea kama mtu aliyekusudia yote. Na Théodule, ambaye kazi yake ni hiyo, aliyapiga yote: miruko, kusita, kuyumba, hasira, mbwa na kutua vibaya.

Ka ndivyo ilivyo. Ngoma mbili nzito zinalazwa chini, wapigaji wanazikalia na kushika mwendo usiobadilika. Ya tatu, nyembamba na yenye sauti kali, inasimama katikati ya magoti ya mtu anayeitwa makè, na makè hapigi atakacho. Anaangalia miguu ya anayecheza na kuisema kwa mikono. Mguu ukienda huku, mkono unaenda huku. Mchezaji akimdanganya naye akadanganyika, watu wanamzomea makè. Mtoto wa miaka minne wa Fond-Giromon analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Évrard, mwenye vyeti vitatu vya muziki, alikuwa amesimama palepale siku ile na simu yake juu, anarekodi, na macho alikuwa ameyafumba ili asikie vizuri.

Si kosa lake lote, Firmine angekwambia hivyo siku akiwa na huruma, na siku hizo hazikuwa nyingi. Mama yake Évrard, Bi Sidonie, alikuwa mkuu wa posta, na kwa Bi Sidonie ngoma ilikuwa mambo ya wahuni wanaonuka ramu na jasho. Ijumaa ka ikilia alifunga madirisha bila kujali joto, na mwanawe alikaa ndani akifanya mazoezi ya piano. Mara moja tu kijana alitoroka. Mama akamkuta nje ya duara akitikisa kichwa, akamrudisha nyumbani akimvuta sikio. Firmine alikuwapo na alicheka siku ile pia.

Baadaye Évrard alikwenda Paris. Huko alipiga jazi ya Waamerika kwa miaka ishirini, mmoja kati ya mamia wanaoipiga hivyohivyo, mpaka siku moja mtu akamuuliza kwa nini hapigi muziki wa kwao. Ndipo Évrard alipokumbuka kwamba ana kwao.

Siku tatu baada ya gazeti, mwenyewe akaja. Aliingia uani asubuhi akiwa na skafu shingoni, katika joto la kuyeyusha siagi mezani, akambusu Firmine mashavu yote mawili na kumwita shangazi, kwa heshima tu. Théodule, aliyekuwa chini ya paa la bati akikaza kamba za ngoma yake, naye aliitwa mjomba. Théodule alikuwa na miaka sitini na nane. Alifanya kazi manispaa maisha yake yote, akiziba mashimo ya barabara, na tangu alipostaafu alikuwa haongei zaidi ya haja. Alimpa mgeni kiti, akaendelea na kamba zake.

Évrard alitaka Théodule apige naye mjini Pointe-à-Pitre, katika ukumbi mpya, Jumapili ya mwisho ya mwezi saa kumi jioni. Redio ingekuwapo, wakubwa wangekuwapo, na kila kitu kingerekodiwa kuwa santuri. Alisema hayo akiwa amemshika Théodule mkono, ule wa kulia, kama anavyoshikwa kuku anayepimwa uzito. Firmine aliuliza nani atacheza.

"Hakuna kucheza, shangazi," Évrard alisema kwa upole wa daktari. "Huu ni muziki wa kusikilizwa. Watu wakiona miguu, masikio yanalala."

"Na huyu atapiga nini kama hakuna miguu?"

"Atapiga kilichomo ndani yake."

"Ndani yake mna shelisheli na mkia wa nguruwe. Najua, nimempikia mimi."

Évrard akacheka kicheko cha watu wa mjini, kile kisichofika tumboni. Firmine akaona bora amalize mambo mapema, akamsimulia habari za kandambili. Alimweleza kokoto, alimweleza mbwa, akaingia hata ndani na kuileta kandambili yenyewe, iliyokwisha kushonwa kwa waya. Aliiweka mezani mbele ya mgeni na kusubiri aone haya.

Évrard aliitazama kandambili kwa muda mrefu. Macho yake yakalengwa na machozi.

"Mwili unakumbuka, shangazi," alisema. "Wewe unadhani ukanda ulikatika tu?"

"Ulikatika kwa sababu ni wa plastiki."

"Wewe unaiona plastiki." Akatoa daftari dogo, akaandika kitu. Akauliza kama anaweza kuipiga kandambili picha. Firmine akaichukua, akaivaa na kumwambia kahawa imekwisha, ingawa birika lilikuwa linachemka na harufu imejaa ua mzima.

Angeondoka hivyo, na skafu yake na daftari lake, na Firmine angekuwa na hadithi ya kusimulia mpaka Krismasi. Lakini Théodule alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kamba.

"Mazoezi ni siku gani?" aliuliza.

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi. Alhamisi ya kwanza Firmine alimpelekea kaka yake chakula mjini, si kwa sababu ya chakula, bali kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Aliyoyaona yalimfurahisha kuliko harusi. Palikuwa na kijana wa piano kutoka Lyon, mwembamba, anayesema samahani kila baada ya noti. Palikuwa na mtu wa besi ambaye hakuwahi kuinua kichwa. Wale wapigaji wawili wa ngoma nzito hawakuwapo kabisa. Évrard alikuwa ameziweka ngoma zao ndani ya kompyuta, akabonyeza kitufe zikalia zenyewe, safi kabisa, kama ngoma zilizooga. Mbele ya Théodule kulikuwa na kisimamio cha karatasi, na juu ya karatasi viluwiluwi vyeusi vilivyopanda na kushuka kwenye mistari yake. Huyo ndiye kaka yake, kwenye karatasi. Hiyo ndiyo miguu yake yeye Firmine, imekuwa viluwiluwi.

Na Théodule hakuweza. Évrard alinyanyua kidevu kumpa ishara, mkono wa Théodule ukapanda, ukabaki hewani haujui pa kwenda. Aliangalia sakafu mbele ya ngoma, pale panapokuwa na miguu siku zote, akaona waya wa umeme. Alijaribu tena. Kila safari pigo lilitoka tofauti, na Évrard alisema vizuri, vizuri sana, turudie, kwa sauti inayozidi kukauka. Mara ya tano au ya sita Théodule aliona kitu kinatembea chini ya piano. Ulikuwa mguu wa yule kijana wa Lyon kwenye kanyagio, unapanda, unashuka, unajikuna kwenye mguu mwenzake. Mikono ya Théodule ikaushika papo hapo, na kwa dakika nzima ka ya Guadeloupe ilimfuata mtoto wa watu aliyekuwa anabanwa na kiatu.

Firmine alicheka kwa sauti, mpaka mtu wa besi akainua kichwa. Évrard akamwomba kwa heshima zote asubiri nje.

Wiki nzima iliyofuata alimtania kaka yake. Akimpa sahani alimuuliza kama anaihitaji iandikwe kwa noti. Akifagia alifagia kwa hesabu ya kumi na moja na kutua vibaya. Aliwasimulia wanawake wa jikoni la shule, alikokuwa akipika, kuhusu mguu wa Lyon, nao waliwasimulia waume zao, na Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kinajua. Théodule alikula, akashukuru, akaenda kulala. Firmine aliuchukua ukimya wake kuwa ni aibu, na alikuwa anangoja tu siku atakaposema basi, sirudi tena kule.

Badala yake, Jumamosi ya kabla ya tamasha, alizunguka nyuma ya nyumba kuanika nguo akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na nyaya masikioni, zimechomekwa kwenye simu ambayo Évrard alikuwa amempa. Macho ameyafumba. Mikono yake ilikuwa inapiga mapajani, na ilikuwa inapiga kandambili, yote, miruko mitatu, kusita, kuyumba, mbwa, kutua vibaya. Kisha ikaanza upya, ikaipiga tena, na haikutofautiana hata unywele. Mara ya tatu vilevile.

Firmine alisimama na kapu la nguo kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu lile gazeti hakuona cha kuchekesha. Akamgusa bega.

"Unapiga miguu yangu bila mimi."

Théodule akatoa waya mmoja sikioni. "Napiga changu. Wewe uliruka tu. Mimi ndiye niliyepiga."

"Bila kuruka kwangu ungepiga nini?"

"Sijui. Sijawahi kuulizwa." Firmine akadhani amemaliza, maana kwa Théodule hayo tayari yalikuwa mengi. "Miaka thelathini na minne, Firmine, watu wanakuja kuangalia miguu yako. Wakirudi makwao wanasema, leo Firmine kacheza. Umewahi kumsikia mtu akisema Théodule kapiga?"

Alimjibu kwamba wanasema, kila siku wanasema. Akajaribu kukumbuka nani, akatafuta nyuso, akatafuta sikukuu moja baada ya nyingine, hakupata hata mmoja, na hilo likamkasirisha zaidi ya maneno yenyewe.

"Bila miguu wewe ni mzee anayepiga ngozi ya mbuzi," alisema.

Théodule aliutazama waya mkononi. "Njoo Jumapili," alisema. "Njoo ukae, usikilize." Akaurudisha sikioni.

Firmine alianika nguo zake. Alizianika vibaya, mashati kichwa chini na shuka zimejikunja, kwa sababu alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuipenda. Kama Théodule angeweza kuipiga peke yake, mbele ya kiti kitupu, basi yeye alikuwa nani miaka yote ile? Alijua jibu analolitaka. Mkono ule ulikuwa wake. Ungeweza kukaririshwa viluwiluwi, ungeweza kufungwa nyaya, lakini akiweka mguu mmoja tu mbele ya ile ngoma ungemrudia, kwa sababu haukuwa na namna nyingine. Aliamua atakwenda Jumapili. Kukaa na kusikiliza, hilo hakuliahidi.

Ukumbi ulijaa. Firmine aliingia na wanawake wawili wa jikoni, wakapewa viti vya nyuma kabisa, na kutoka huko alikuwa na nafasi nzuri ya kuwadharau wote. Walikuwapo madiwani na wake zao. Walikuwapo walimu waliowachapa watoto kwa kusema Krioli, lugha ya nyumbani kwao, darasani, sasa wamevaa vilemba vya kitambaa cha miraba kuonyesha wanaupenda utamaduni. Mstari wa mbele, chini ya kofia kubwa kama sinia, alikaa Bi Sidonie, miaka themanini na mbili, akipiga makofi kabla hakijatokea chochote. Madirisha yake yalikuwa wazi siku hiyo, naam, maana ngoma ilikuwa imevalishwa viatu.

Évrard alitokea na saksafoni na skafu. Alizungumza kwanza, kwa muda unaotosha kupika dengu. Alizungumza juu ya jeraha, na bahari, na kumbukumbu ya mwili, na aliposema neno ukanda Firmine alijua ni kandambili yake inayosemwa, ila ilikuwa imegeuka mnyororo wa mtumwa uliokatika. Watu waliguna kwa kuguswa. Mke wa diwani alitoa kitambaa.

Kisha wakapiga. Firmine alikuwa amejiandaa kuchukia kila kitu, na karibu kila kitu kilistahili. Piano ilinyunyiza maji. Besi ilitembea huku na huko kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani. Saksafoni ya Évrard ilikwenda juu, ikakwama, ikalia kama bawaba ya lango la nguruwe, na hapo watu walipiga makofi. Palikuwa na dakika mbili, tatu, alipopiga wimbo wa zamani wa kulilia maiti, taratibu, bila madoido, na Firmine akajikuta anaufuatisha kwa midomo. Alichukizwa na midomo yake.

Théodule alikaa katikati, chini ya taa. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo alilipiga pasi mwenyewe. Hakumwomba dada yake. Aliinua mikono. Évrard alinyanyua kidevu. Na pigo likatoka, lote, kavu, safi, mbele ya watu mia tano walionyamaza kimya mpaka mtu angesikia kiti kinapumua. Lilipotua, ukumbi mzima ulishusha pumzi pamoja. Mwanamume mbele ya Firmine alimwambia mkewe kwa kunong'ona, "Umemsikia mzee?"

Firmine akavua viatu.

Mmoja wa wanawake wa jikoni alimshika sketi na kumuuliza anakwenda wapi. Alikwishaingia kwenye njia ya katikati, miguu peku juu ya zulia, kichwa juu, mikono kiunoni, na watu wakajigeuza vitini. Alipanda ngazi za jukwaa. Évrard alimwona, na Firmine angetoa mengi kuuona uso ule ukivunjika. Haukuvunjika. Uling'aa. Akamwinamia kidogo na kuendelea kupiga, kama aliyemwalika.

Basi naye hakumjali. Alikwenda mbele ya ngoma, akaiinamia kwanza, kama inavyopasa, maana anayeingia duarani huisalimu ngoma kabla ya kuiamuru. Akanyooka. Théodule alikuwa anamtazama. Akapiga hatua ya kwanza, ya kulia, ndogo, hatua aliyomwanzishia mara elfu, na kungojea mkono.

Mkono haukuja.

Akadhani hakuona. Akaipiga tena, kubwa zaidi, akaongeza kisigino. Aliona macho ya kaka yake yakishuka miguuni pake, akaona vidole vyake vikitaka kuifuata. Kisha Théodule akainua macho, akayapeleka kwenye kidevu cha Évrard, na kupiga kitu kingine kabisa, kitu cha kwenye karatasi, taratibu na kwa nafasi yake.

Kwenye ka kuna adhabu moja tu. Mlevi akiingia duarani, au mtu asiyejua, makè hamfukuzi wala hamtukani. Anaacha tu kumpigia. Anaendelea na mambo yake kama vile duara ni tupu, na yule mtu anabaki akirusha miguu hewani mpaka aibu imtoe. Firmine alishaona wengi wakifanyiwa hivyo. Alishawacheka wengi, na alikuwa wa kwanza kucheka siku zote. Sasa alikuwa amesimama peku mbele ya watu mia tano, ana miaka sitini na moja, na kaka yake alikuwa amemwacha hewani.

Hawakujua, wale mia tano. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Wanawake wawili tu kule nyuma ndio waliojua, na hata kwa mbali aliona mmoja wao amejifunika mdomo. Angeweza kushuka ngazi. Akishuka, Fond-Giromon yote ingesikia kabla ya chakula cha usiku kwamba Firmine aliingia kama mlevi na kutoka kama mlevi, na angewasikia wakifagia kwa hesabu ya aibu yake mpaka Krismasi. Hapana. Afadhali chochote kuliko hilo.

Akasikia pigo linakuja. Besi ilishuka, piano ilinyamaza, na akajua, kwa sababu nani angejua kama si yeye, kwamba sasa Théodule atalipiga tena. Mikono yake ikapanda. Na Firmine, ambaye hakuwahi kumfuata mpiga ngoma yeyote maishani, aliinua mguu wa kushoto, akaruka kwa mguu mmoja, mara tatu, kwa amri. Akasita. Akayumba. Akairusha kandambili isiyokuwepo kwa mbwa asiyekuwepo. Akatua vibaya.

Ukumbi ulilipuka. Likaja tena, naye akaruka tena, jasho likimtiririka mgongoni, goti linamuuma, macho yake kwenye mikono ya kaka yake kama mwanafunzi kwenye ubao. Likaja mara ya tatu. Alimchukia Évrard, alimchukia kijana wa Lyon na kiatu chake, alijichukia yeye mwenyewe, na wakati huohuo alisikia, kwa vile sasa alilazimika kusikiliza, jinsi mkono ule ulivyokuwa mzuri. Kila pigo lilikuwa na uzito wake, kusita kulikuwa na pumzi ndani, na hata mbwa alikuwa na huzuni yake. Miaka thelathini na minne alikuwa anakanyaga juu ya hilo na hakuwahi kulisikia.

Mwisho watu walisimama wote. Bi Sidonie alisimama na kofia yake. Évrard alimshika Firmine mkono na kuunyanyua juu, na kwenye maikrofoni akasema kwamba shangazi huyu ndiye kumbukumbu ya mwili aliyoizungumzia, na watu wakapiga makofi upya. Kisha akamnyoshea kidole Théodule, na hapo kelele zikawa nyingine. Mtu aliita jina lake kutoka kule juu. Wengine wakalidaka, wakaliita kwa pamoja, Théodule, Théodule, na mzee akasimama polepole na kuinama, mkono mmoja juu ya ngoma asije akaanguka.

Nyuma ya pazia palikuwa na giza na nyaya. Firmine alikaa juu ya sanduku la vyombo vya muziki, akishika goti. Théodule alikuja akiwa na taulo shingoni. Alikuwa amechoka, uso wake ulikuwa mchanga kuliko alivyouona siku nyingi. Akasimama mbele yake, akamtazama miguu, ile miguu peku yenye vumbi la jukwaa.

"Mara ya pili ulichelewa kidogo," alimwambia, bila ubaya, kama anavyoambiwa mtu anayejifunza.

Hakuna aliyewahi kumwambia Firmine kwamba amechelewa. Alitaka kumjibu, kisha akaikumbuka ile mara ya pili, na ni kweli alikuwa amechelewa.